Siku Mama Yangu Alipoitwa Yaya

Mama yangu alikuja Brussels mara moja tu, akakaa majuma sita, na katika majuma hayo nilimtendea jambo ambalo sijapata kuliandika mahali popote. Ninaliandika sasa kwa sababu watu wanaonijua hapa wananihesabu kuwa mtu mwema, na wengine wao walianza kunihesabu hivyo kwa sababu ya siku ile ile.

Nianze na nyumba niliyotoka. Nilizaliwa Tanga. Baba yangu alikuwa Mgoa, fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani aliyefika kwa meli kutoka Goa wakati pwani ile ya India ingali chini ya Wareno. Mama ni Mbondei wa Muheza. Walikutana dukani kwa baba, mama alipopeleka kitambaa cha sare za kwaya, na kaka yangu hupenda kusema kwamba sare zile zilichukua muda mrefu kuliko sare nyingine zozote baba alizopata kushona. Sura zao tuligawana. Kaka alichukua weusi wa mama, mimi nikachukua rangi na nywele za baba. Nilipokuwa mdogo sikuliona hilo kuwa jambo.

Nyumbani tulisherehekea sikukuu zote za Kigoa, na aliyezishika si baba, ni mama. Baba alizipenda kama mtu anavyopenda kula. Mama ndiye aliyejua siku ya kuloweka mchele. Bibi mzaa baba alimfundisha. Nasikia mwanzoni alimfundisha kwa kununa, baadaye kwa mapenzi, na mwishoni kwa sababu hakuna binti yake mwingine aliyekuwa amebaki Tanga. Krismasi mama alipika dodoli nyeusi, ile halua ya tui na sukari guru, akaikoroga kwenye sufuria kubwa mpaka mkono ukafa ganzi. Agosti, Wagoa wanapobariki masuke mapya ya mpunga kanisani, masuke ya parokia yetu yalitoka shambani kwa wajomba zangu Muheza, na mama ndiye aliyeyabeba kwenye basi, yamefungwa kwenye kanga. Na Juni ilikuwa San João.

San João ni Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Injili inasema Bikira Maria alipokwenda kumsalimu Elizabeti, mtoto aliruka kwa furaha tumboni mwa mama yake. Basi Wagoa nao, siku ya mtoto huyo, huruka. Huvaa mataji ya maua na majani, huzunguka nyumba hadi nyumba na ngoma zao za chungu, na popote penye kisima hujitosa. Huko Goa ni majira ya mvua na visima vimejaa. Tanga nako masika yalikuwa yamekwisha kutujazia kisima chetu cha uani, ambacho kwa kweli hakikuwa na kina cha kumtisha mtu. Baba alijitosa na taji lake kichwani, anaibuka anatema maji, na majirani zetu Waislamu waliokuja kutazama wakila matunda na kuku ambaye mama aliwapikia kwenye sufuria ya peke yake, mbali na ya nguruwe. Mataji yote alisuka mama.

Baba alifariki nikiwa na miaka ishirini na minane. Miaka michache baadaye nilifuatilia karatasi za babu, nikapata pasipoti ya Ureno, kama Wagoa wengi walivyofanya, na kwa pasipoti hiyo nikaja Ubelgiji. Nilisoma upya, nikapata kazi katika duka la miwani kwenye barabara ya Ixelles, nikapanga nyumba Evere katika jengo la ghorofa nane. Kazi ilikuwa nzuri. Ila jioni nilikuwa nikifika nyumbani naongea na redio.

Chama cha Wagoa wa Brussels nilikipata dukani. Mteja mmoja alisoma jina kwenye beji yangu akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni Mgoa. Akanialika. Walikuwa kama watu arobaini: waliotoka Lisbon, waliotoka Maputo, vijana waliokuja moja kwa moja kutoka Goa, na wazee wachache wa Afrika Mashariki. Walikutana kwenye ukumbi wa parokia hapo hapo Evere. Siku ya kwanza kuingia nilisikia harufu ya siki na bizari ikichemka, nikashika kitasa cha mlango kwa muda, kwa sababu sikutaka waniingize nikiwa nalia.

Siku hiyo hiyo mzee mmoja wa Kampala, sahani mkononi, aliniuliza, "Tanga? Ninyi ni Wagoa kamili, au wale waliochanganya?"

Aliuliza huku anacheka, kama mtu anayeuliza timu yako ya mpira. Nami nikacheka. Nikasema, "Kamili, natumaini."

Hilo ndilo neno langu la kwanza. Lilitoka jepesi. Inafaa msomaji ajue kwamba kwa wazee wale swali hilo lilikuwa na historia. Wagoa wa Afrika Mashariki zamani walikuwa na klabu zao, na klabu ziliwachambua watu: makarani kwao, mafundi cherehani kwao, wapishi kwao, na waliochanganya damu walibaki mlangoni. Klabu zimekufa zamani, lakini swali lilipanda ndege pamoja na wazee. Ningeweza kujibu, "Mama yangu ni Mbondei," nao wangeendelea kula. Sijui. Sikuwapa nafasi ya kunionyesha.

Baada ya hapo sikudanganya tena kwa mdomo; nilidanganya kwa kupunguza. Nilionyesha picha ya baba na cherehani yake. Niliwasimulia habari za bibi. Nilipoulizwa nani alinifundisha kusuka mataji, nilisema "nyumbani." Miaka mitatu ikapita hivyo.

Kwetu mtoto mdogo hufundishwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nilikuwa naijua methali hiyo, nikidhani inawahusu wanaobadilisha mavazi.

Kisha mama akaja. Alifika mwanzoni mwa Juni na sanduku lenye unga wa muhogo, kanga nne, na sweta alilonunua mitumbani. Alipenda Brussels kwa namna iliyonishangaza. Alipenda mabasi yanayoinama ili wazee wapande. Asubuhi nilipokwenda kazini, yeye alitembea peke yake, na siku ya nne alikuwa anasalimiana na nusu ya jengo kwa Kifaransa cha maneno mawili.

Siku moja ya mapumziko nilimpeleka Saint-Josse kununua nazi na pilipili. Kuna duka la mama mmoja Mkongomani wa Bukavu, mnene, mchangamfu. Alitutazama mara moja tu.

"Maman, karibu," akamwambia mama. "Huyu ni mutoto yako, non? Eh, munafanana kabisa. Mudomo ni ule ule."

"Ni wangu," mama akasema, "ndiye wa mwisho."

"Bon. Ulizala muzuri."

Nilicheka nikakubali, nikabeba nazi. Mle dukani haikunigharimu kitu kuwa mtoto wa mama yangu. Mtu asiyetujua aliona kwa dakika moja kile nilichokificha chama kizima kwa miaka mitatu, na hata hilo halikunizindua.

Mama aliona tangazo la San João kwenye simu yangu. Lilikuwa na picha ya taji.

"Kumbe mnayo huku," akasema. Uso wake wote ulifunguka.

Nikamwambia ni sherehe ndogo, nusu ya watu hawajui hata nyimbo, na kwamba huenda mvua ikanyesha na baridi ikamuumiza.

"Nimekuja na sweta," akasema.

Nikamwambia hakuna kisima.

"Wanarukia wapi?"

"Kwenye bwawa la plastiki. La kupuliza. La watoto."

Alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kumwambia asije, isipokuwa kusema sababu yenyewe, na sababu yenyewe nilikuwa sijathubutu kujiambia hata mimi.

Juma lile alifanya kazi kama mtu aliyeajiriwa na mtakatifu. Aliloweka mchele wa sana, ile mikate ya mchele ya kupikwa kwa mvuke. Tanga tunaiumua kwa tembo la mnazi. Hapa alitumia hamira na maji ya dafu, akainusa asubuhi na jioni, haridhiki. Alikata nyama ya nguruwe na maini vipande vidogo kama kunde, akaipika kwa siki, akaiacha ilale siku tatu, kwa sababu sorpotel ya siku ya kwanza, alisema, ni mchuzi tu. Asubuhi ya sherehe alitoka mapema na mfuko wa plastiki. Nilimkuta kwenye uzio wa njia ya reli, anakata majani ya kutambaa na maua ya porini kwa kisu changu cha mezani. Majirani walikuwa wanapita na mbwa wao. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba huku watu hununua maua. Akanitazama kwa subira. "Haya yanadondoka tu, mwanangu," akasema. Alisuka mataji thelathini na mawili kwenye meza ya jikoni, na mimi nilikuwa naangalia saa.

Tulifika ukumbini saa tano. Mama alivaa gauni la kitenge na sweta lake juu. Nilikuwa nimepanga, kama naweza kuita hilo mpango, kwamba nitamtambulisha haraka haraka kwa jina lake la ubatizo, bila kusema ni nani, watu waelewe watakavyoelewa. Nilitanguliza sinia la sana. Yeye alinifuata na mfuko wa mataji.

Mkubwa wa chama ni bibi mmoja aliyezaliwa Dar es Salaam akaondoka zamani. Wote tulimwita Tia, yaani shangazi kwa Kireno. Ni mwembamba, ananyooka kama mshumaa, ana Kiswahili kizuri kuliko changu na ni nadra apate wa kuzungumza naye. Alipomwona mama, macho yake yaling'aa. Hilo ndilo linaloniumiza ninapolikumbuka: alikuja kwa furaha, mikono yote miwili mbele.

"Karibu, karibu sana," akasema kwa Kiswahili. "Wewe bila shaka ndiye yaya wake. Umekaa nao miaka mingapi?"

Mama aliweka mfuko wa mataji chini. Alinigeukia.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, sinia mikononi. Aliningoja. Haukuwa muda mrefu, lakini ulitosha kwa mtu kusema maneno matatu, na maneno yalikuwa matatu tu: huyu ni mama. Nilimwona mzee wa Kampala nyuma ya Tia anapanga viti. Nikatazama zile sana zilizokuwa kwenye sinia. Nakumbuka moja ilikuwa imepasuka juu.

"Tangu alipozaliwa," mama akasema.

Aliligeuza swali likawa na jibu la kweli, akanifunika kama alivyokuwa akinifunika shuka nilipokuwa mdogo. Hata sauti yake haikubadilika.

Tia akamshika mikono. "Tangu alipozaliwa," akarudia. Kisha akanigeukia mimi, tena kwa Kiingereza ili wengine wasikie, "Una moyo mzuri. Kumlipia yaya wako tiketi mpaka Ulaya. Siku hizi nani anamkumbuka yaya?"

Watu waliokuwa karibu walinitazama kwa upole. Mama mmoja wa Lisbon alinipiga piga mgongoni. Nami nikasema, "Asante."

Ndiyo, nilisema asante.

Yaliyofuata yalifuata kwa adabu. Hakuna aliyemtendea mama vibaya, na laiti wangemtendea vibaya, pengine ningezinduka. Walimwonyesha jiko. Walimpa aproni. Walimuuliza kwa ishara kama anaweza kuosha sufuria, akaosha. Walimletea chai na kipande cha bebinka, ile keki ya matabaka ya tui na mayai, wakamwekea kwenye kiti karibu na sinki. Nilikwenda jikoni mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia, "Mama, njoo ukae kule." Nilisema kwa sauti ndogo, mlango nimeufunga nyuma yangu. Alinitazama, akatazama mlango. "Niko sawa hapa," akasema. "Nenda kwa wageni wako." Mara ya pili na ya tatu nilichukua vijiko.

Nje mvua ya rasharasha ilinyesha, watu wakafurahi kwa sababu San João bila mvua si San João. Walivaa mataji ya mama yangu. Yalikuwa mazuri, yalikuwa ya kweli, yenye harufu ya majani mabichi, na kila mtu aliniuliza nimeyapata wapi nami nikasema kwenye uzio wa reli. Wanaume wakajitosa mmoja mmoja kwenye bwawa la plastiki, na kwa kuwa maji yalifika magotini, walilazimika kukaa kitako ili walowe. Bwana harusi mpya wa chama alisukumwa na mama mkwe wake, kwa kuwa siku ile ni ya wakwe pia. Nilipiga makofi. Niligeuka kuona kama mama anaona. Alikuwa kwenye dirisha la jiko, anacheka, kitambaa cha vyombo begani. Kichwa chake kilikuwa kitupu. Amesuka thelathini na mawili, na hakuna aliyefikiria kumvika moja, na mimi niliyefikiria sikufanya.

Baada ya chakula ikaja litania. Wagoa huiimba kwa sauti mbili, na mpiga fidla hutangulia. Sauti ya kwanza tuliijua. Ya pili ilipaswa kuimbwa na dada wawili wa Maputo, ambao mwaka huo hawakuja. Tulipofika kwenye wimbo wa Kikonkani, lugha ya Wagoa, wa kumsifu Bikira, upande wa pili ulikuwa kimya na wimbo ukawa unachechemea. Ndipo sauti ikatoka jikoni. Haikuwa kubwa. Ilikaa chini ya sauti zetu, mahali pake hasa, kwa maneno yote, kama bibi alivyomfundisha. Watu wakageuza vichwa. Mama alipoona wamegeuka, alinyamaza katikati ya ubeti akarudi ndani.

Tia alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Unaona," akaniambia, "nyumba ikiwa na maadili, hata mtumishi anachukua."

Lakini hata hapo sikusema. Nilitaka kuandika kwamba nilijaribu na sauti ikakataa. Si kweli. Sauti ilikuwepo. Niliendelea na ubeti.

Tulirudi kwa basi, tumebeba sufuria tupu. Mama alikaa dirishani. Nilingoja aseme neno, nikijiandalia majibu, kwamba Tia ni mzee, kwamba ningeeleza baadaye. Vituo viwili kabla ya kwetu akasema, "Ile sana ilihitaji tembo. Ilikuwa ngumu katikati." Nikasema ilikuwa nzuri. Akasema, "Wewe ulikula?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula.

Nyumbani nilianza, "Mama, yule bibi..."

"Bibi gani?" akasema, akaingia kuoga.

Alibaki majuma matatu mengine. Alikuwa mpole, alipika, alinishonea pindo la pazia. Ila hakutembea tena asubuhi. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa, na nilipomuuliza kwa nini hatoki, alisema miguu. Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia kama kawaida, akanipa maagizo kuhusu unga uliobaki, akaenda na foleni bila kugeuka nyuma. Hiyo pia ni kawaida yake, mama hageuki. Lakini nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Sikwenda tena chamani. Agosti ikapita na masuke yao, sikuenda. Novemba Tia akanipigia simu.

"Umetususa," akasema. "Sisi tunakusanya watu wa kupika vitamu vya Krismasi. Na yaya wako hajambo? Nimewaambia watu wote habari zake."

Nilikuwa nimesimama dukani, nyuma, penye masanduku ya fremu. Nikasema, "Tia, yule si yaya. Ni mama yangu. Aliyenizaa."

Nikasikia anavuta kiti akakaa.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na ilinilazimu kujibu, peke yangu na masanduku. "Kwamba ni Mwafrika," nikasema. "Kwamba mimi ni wa kuchanganya." Maneno yale yalikuwa mabaya zaidi yakiwa nje kuliko yalivyokuwa ndani.

"Mimi niliuliza kwa ujinga," Tia akasema polepole. "Nitaubeba ujinga wangu. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale. Mimi nimempa mama wa mtu sufuria aoshe, na wewe ukanitazama nikimpa." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na niligundua kwamba ni kwa hasira. "Umenifanya mtu wa zile klabu, mtu ambaye sikutaka kuwa tena. Nipe namba yake."

Nikampa.

Siku mbili sikusikia kitu. Siku ya tatu mama akapiga mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, kwa kawaida hubipu tu.

"Yule bibi wenu alinipigia," akasema. "Alilia. Nikamwambia asilie yeye."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miezi mitano na yalitoka yote kwa fujo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema.

Nikangoja. Halikufuata neno jingine la aina ile. Badala yake akasema, "Nilikasirika. Usije ukadhani sikukasirika kwa kuwa nilinyamaza. Nilikaa pale jikoni nikasema, hii leo nitamwaibisha mbele za watu wake. Halafu nikaona ni sikukuu."

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwa nimelijua. Mwaka waliooana, baba alimpeleka kwenye klabu ya mafundi ya Tanga, San João hiyo hiyo. Mlangoni mtu alimwambia baba kwamba msichana wa kazi anaweza kupita kwa nyuma. Baba akasema, "Huyu ni mke wangu." Wakamwambia basi na yeye apite kwa nyuma. Baba akamshika mkono wakarudi nyumbani kwa miguu, na hakukanyaga pale tena mpaka klabu ilipofungwa. Ndiyo maana sisi tulikuwa na San João yetu uani. Mimi nilidhani siku zote ni kwa sababu tulikuwa na kisima.

"Mbona hukuwahi kutuambia?" nikamuuliza.

"Kuwaambia nini? Ili muwachukie watu?" Akaongeza, "Na nilidhani ni kitu kisichohitaji kufundishwa."

Juni iliyofuata nilikwenda ukumbini. Kabla ya chakula niliomba kusema, nikawaambia wote, kwa Kiingereza na Kifaransa changu, kwamba mwanamke aliyewapikia na kuwasukia mataji mwaka uliopita ni mama yangu mzazi, na kwamba niliwaacha wadhani vingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa chochote. Lakini sahani zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Walisikitika kwa heshima. Mama wa Lisbon akasema, "Maskini," bila kufafanua nani. Mzee wa Kampala aliendelea kukata mkate wake, kisha akauliza kama mama atakuja tena, kwa sababu sorpotel ile hajaila tangu ujana wake. Tia peke yake hakunitazama. Ndani ya dakika tano ngoma ya chungu ilianza, na nilielewa kwamba nimeungama mahali ambapo haikunigharimu kitu, mbele ya watu nisiowakosea, na yule niliyemkosea yuko Tanga anaanika mpunga.

Nimemwalika mama mara mbili tangu hapo. Anasema magoti. Kaka yangu anasema wiki iliyopita mama alikwenda Muheza na kurudi, kwa basi, amesimama.

Yeye na Tia huzungumza. Nilijua kwa bahati, Tia aliponisahihisha kuhusu dawa ya presha ambayo mama alikuwa amebadilishiwa na mimi sikuwa nimeambiwa. Sikuuliza huwa wanazungumza nini. Mimi mama hunipigia Jumapili baada ya misa. Huuliza kuhusu baridi, kuhusu kazi, kama ninakula. Habari za chama hajaziuliza hata mara moja, nami sina ujasiri wa kuzianza.